Baada ya Fairport: Njia za Waliotoka

Kati ya Mei 1968 na mwishoni mwa 1971, bendi ya Fairport Convention ya kaskazini mwa London iliwapoteza waasisi wake wote. Mmoja aliondolewa, mmoja alikufa barabarani, waliobaki wakajitoa mmoja baada ya mwingine. Jina la bendi likabaki mikononi mwa watu ambao hawakuwapo lilipobuniwa. Historia za muziki wa roki kwa kawaida huandama bendi na kuwaacha waliotoka wajipotelee. Kwa Fairport njia hiyo inapotosha. Nyimbo za jadi za Uingereza zilipopata kupigwa kwa gita la umeme, zikafika kwenye jumba la maigizo la taifa, kwenye ngoma za vijijini na kwenye chati za redio, kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanywa na watu waliokwisha kuiaga bendi.

Fairport lilikuwa jina la nyumba. Ilikuwa Fortis Green, mtaa wa Muswell Hill, na baba yake Simon Nicol, aliyekuwa daktari, aliwahi kuwatibia wagonjwa humo. Ashley Hutchings, mpiga besi, alipanga chumba katika nyumba hiyo, na vijana wakafanyia mazoezi humo. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 27 Mei 1967 katika ukumbi wa kanisa huko Golders Green. Magita yalishikwa na Nicol na Richard Thompson, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akijifunza ufundi wa vioo vya rangi. Baada ya onyesho hilo Martin Lamble alichukua kiti cha mpiga ngoma, kisha wakaingia waimbaji wawili, Judy Dyble na Ian Matthews, ambaye baadaye alibadili tahajia ya jina lake kuwa Iain. Mmarekani Joe Boyd aliwachukua chini ya kampuni yake ya Witchseason na kuwarekodi katika studio ya Sound Techniques, Chelsea, fundi wa sauti akiwa John Wood.

Mambo mawili ya mwanzo huo yanaeleza mengi yaliyofuata. Kwanza, bendi haikuwa na bwana. Hutchings aliendesha mambo kwa muda, lakini hakuna aliyemiliki sauti ya bendi wala nyimbo zake, hivyo aliyetaka kwenda njia nyingine alikwenda bila vita. Pili, Boyd na Wood walikuwa wakirekodi wasanii wengine wengi wa aina hiyo, Nick Drake na John Martyn miongoni mwao. Aliyetoka Fairport Jumatatu aliweza kukutana na wenzake wa zamani studio ile ile wiki iliyofuata, wakipiga kwenye albamu ya mtu wa tatu. Kutoka hakukuvunja ujamaa wao.

Wa kwanza kuondoka, Dyble, hakuondoka kwa hiari. Mei 1968, muda mfupi kabla ya albamu ya kwanza kutoka, wenzake walimwambia hawatamhitaji tena. Akajiunga na Ian McDonald, mpiga vyombo vya kupuliza, wakafanya kazi kwa miezi michache na kundi dogo la Giles, Giles and Fripp. Katika kanda walizojirekodia nyumbani, Dyble aliimba “I Talk to the Wind”, wimbo ambao mwaka 1969 ulitokea kwenye albamu ya kwanza ya bendi ya King Crimson ukiimbwa na mtu mwingine. Toleo lake yeye lilisubiri hadi 1976 kuchapishwa. Mwaka 1970 yeye na Jackie McAuley, aliyetoka bendi ya Them, walitoa Morning Way kwa jina la Trader Horne. Ni albamu tulivu iliyouza kidogo, na leo wakusanyaji wa santuri huilipia fedha nyingi.

Kisha akaacha. Aliolewa, akalea watoto, akafanya kazi maktaba, fani aliyokuwa ameianza kabla ya bendi. Waandishi wengi wameieleza miaka hiyo kana kwamba ni shimo tupu katikati ya maisha ya msanii, na hapo wamemkosea. Mtu anayewahudumia wasomaji maktaba hajapotea. Mwaka 2004 alirudi na Enchanted Garden, na mwaka 2009 akatoa Talking With Strangers, kazi yake bora kuliko zote, ambamo Robert Fripp, Ian McDonald na Simon Nicol wote walishiriki. Wimbo wake mrefu, “Harpsong”, unapita dakika 19 na unasimulia safari yake mwenyewe. Kitabu cha maisha yake, An Accidental Musician, kilitoka 2016. Alifariki Julai 2020 akiwa na miaka 71.

Nafasi yake katika bendi ilichukuliwa na Sandy Denny, aliyekuwa na uzoefu wa klabu za nyimbo za jadi na aliyezileta nyimbo hizo garini na vyumba vya kubadilishia nguo. Kupitia kwake, bendi iliyokuwa ikiiga Wamarekani ilianza kuvutwa nyumbani. Iain Matthews hakuvutwa. Alipenda nyimbo za Kimarekani, zenye harufu ya kantri na sauti mbili zinazokwenda pamoja, na mapema 1969, albamu ya tatu ikiwa bado inarekodiwa, akatoka.

Alichofanya Matthews ni kuendeleza ile Fairport ya kwanza ambayo wenzake walikuwa wakiiacha nyuma. Albamu yake ya kwanza peke yake, Matthews’ Southern Comfort, ilipigwa na Thompson, Nicol na Hutchings, watu wale wale aliokuwa ametengana nao. Kisha akaunda bendi kwa jina la albamu hiyo, na Oktoba 1970 wimbo wa Joni Mitchell, “Woodstock”, ulipanda hadi nambari moja Uingereza ukakaa hapo wiki tatu. Fairport yenyewe haijawahi kufika hapo. Ajabu ni kwamba ushindi huo haukumfurahisha. Kabla mwaka haujaisha Matthews aliiacha bendi yake, ikaendelea bila yeye. Mwaka 1972 alianzisha Plainsong pamoja na Andy Roberts na kutoa In Search of Amelia Earhart, albamu inayomfuata rubani Mmarekani aliyepotea baharini mwaka 1937.

Baada ya hapo alihamia Marekani. Wimbo “Shake It” ulifika nambari 13 katika chati za huko mwanzoni mwa 1979, lakini miaka ya themanini ilimkuta amekaa ofisini, akitafuta wanamuziki na nyimbo kwa niaba ya kampuni za rekodi. Kilichomrudisha jukwaani ni mwaliko wa kupiga kwenye tamasha la bendi yake ya zamani mwaka 1986. Tangu hapo hakusimama: albamu ya nyimbo za Jules Shear mwaka 1988, miaka kadhaa Austin, Texas, kisha Uholanzi kuanzia mwaka 2000. Sauti yake ilizeeka vizuri. Ukimsikiliza Matthews wa miaka sitini unasikia mwimbaji mwenye uamuzi zaidi kuliko yule wa “Woodstock”, ingawa ni huyo wa mwanzo anayekumbukwa na redio.

Alfajiri ya tarehe 12 Mei 1969, gari la bendi lililokuwa likirudi London kutoka onyesho la Birmingham lilipinduka kwenye barabara kuu ya M1. Martin Lamble alikufa akiwa na miaka 19. Jeannie Franklyn, mshonaji wa mavazi na mpenzi wa Thompson, alikufa pia. Wengine waliumia. Hakuna simulizi la waliotoka Fairport linaloweza kuruka usiku huo, kwa sababu ulibadili bendi na ukabadili sababu za kutoka. Waliobaki hawakutaka kurudi kupiga nyimbo walizokuwa wakizipiga na Lamble. Wakati wa kiangazi walipanga nyumba Farley Chamberlayne, karibu na Winchester, wakamleta mpiga fidla Dave Swarbrick na mpiga ngoma Dave Mattacks, wakatengeneza Liege & Lief. Ilikuwa ni albamu ya nyimbo za jadi za Uingereza, na nyimbo mpya zilizotungwa kwa mtindo huo, zikipigwa kwa nguvu yote ya roki. Ilitoka Desemba 1969. Ilipofika madukani, wawili wa waliotengeneza albamu hiyo walikuwa wamekwisha kuondoka.

Hapa ndipo palipo na utajiri wa habari hii. Hutchings na Denny walitoka mwezi mmoja, Novemba 1969, kutoka albamu moja, kwa sababu zilizopingana kabisa. Hutchings aliona bendi haijazama vya kutosha katika jadi. Denny, aliyekulia katika jadi hiyo klabuni, alikuwa amechoka kuimba nyimbo za wafu na alitaka kuimba zake.

Hutchings alishinda siku nyingi Cecil Sharp House, makao ya chama cha ngoma na nyimbo za jadi huko Camden, ambako maktaba ya Vaughan Williams huhifadhi miswada na kanda za wakusanyaji wa nyimbo. Mpiga besi wa roki alijigeuza mtafiti. Bendi yake ya kwanza ilikuwa Steeleye Span, aliyoiunda na waimbaji wawili wa Kiingereza, Maddy Prior na Tim Hart, na wanandoa wa Kiayalandi, Gay na Terry Woods. Kundi hilo lilitoa Hark! The Village Wait mwaka 1970 likavunjika kabla ya kupanda jukwaani hata mara moja. Hutchings hakukata tamaa. Alimwita Martin Carthy, gwiji wa gita la kawaida, naye akashika gita la umeme. Akamwita mpiga fidla Peter Knight. Na mwaka 1971 wakatoa Please to See the King. Albamu hiyo haina seti ya ngoma. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa kuliko ulivyoonekana wakati ule. Pasipo mpiga ngoma wa roki kuzilazimisha nyimbo zitembee kwa hatua sawa, mapigo ya zamani, yale yanayofuata pumzi ya mwimbaji, yalipata nafasi, na umeme ukatumika kwa uzito wa sauti tu.

Mwisho wa mwaka huo huo akaiacha na Steeleye. Bendi hiyo ilikwenda mbali bila yeye: “Gaudete”, wimbo wa Kilatini wa Krismasi ulioimbwa bila chombo, uliingia chati mwaka 1973, na “All Around My Hat” ukafika nambari tano mwaka 1975. Wengi wangejuta kuacha mali ya namna hiyo. Hutchings alikuwa na kazi nyingine. Alimwoa Shirley Collins, mwimbaji wa Sussex ambaye mwaka 1959 alizunguka kusini mwa Marekani pamoja na Alan Lomax wakirekodi nyimbo za watu, na kwa ajili ya sauti yake alikusanya wanamuziki zaidi ya 20 wakatengeneza No Roses, mwaka 1971, kwa jina la Albion Country Band. Mwaka 1972 ikafuata Morris On.

Albamu hii ya Morris On inastahili kuzungumziwa kidogo. Ngoma ya morris huchezwa vijijini Uingereza na watu wenye njuga miguuni na leso au fimbo mikononi. Cecil Sharp aliikuta Headington, karibu na Oxford, siku ya pili ya Krismasi mwaka 1899, akaanza kuiandika kwa noti. Kufikia miaka ya sitini ilionekana kitu cha wazee na walimu wa shule. Hutchings, Thompson, Mattacks, John Kirkpatrick mwenye kodiani na Barry Dransfield mwenye fidla waliipiga kwa besi na gita la umeme, bila dharau na bila kuionea haya. Vijana waliosikia albamu hiyo walikwenda kutafuta njuga. Makundi mapya ya morris yaliyozaliwa Uingereza katika miaka ya sabini, yakiwamo ya wanawake, yana deni kwa albamu hii moja, na ni vigumu kumtaja mwanamuziki mwingine wa roki wa zama hizo aliyewafanya watu wainuke wakacheze ngoma ya babu zao wenyewe.

Kutoka hapo bendi hiyo ya Albion, sasa ikiitwa Albion Band, ikaingia jumba la maigizo la taifa, National Theatre, London. Mwaka 1978 mwongozaji Bill Bryden alileta jukwaani Lark Rise, mchezo ambao Keith Dewhurst aliutoa katika vitabu vya Flora Thompson kuhusu kijiji cha Oxfordshire. Viti viliondolewa, watazamaji wakasimama katikati ya waigizaji, na bendi ikapiga humo humo. Mwaka huo huo ilitoka Rise Up Like the Sun, ambamo John Tams aliimba. Tams na wenzake baadaye walijitenga wakaunda Home Service. Yaani bendi iliyoanzishwa na mtu aliyetoka bendi mbili nayo ilizaa bendi kwa watu kutoka, na hakuna dalili kwamba Hutchings aliliona hilo kuwa hasara. Mwaka 2011 mwanawe, Blair Dunlop, aliongoza kizazi kipya cha Albion Band, na mwaka 2015 Hutchings alitunukiwa nishani ya MBE. Kati ya wote waliotoka Fairport, yeye ndiye aliyejenga vitu vingi zaidi ambavyo wengine waliweza kusimama juu yavyo. Jina lake halijulikani sana nje ya Uingereza, na hilo ni upungufu wa wasimulizi.

Sandy Denny alikuwa na kipawa kikubwa kuliko wote na bahati ndogo kuliko wote. Alikuwa ametunga “Who Knows Where the Time Goes?” kabla hajaingia Fairport, na Judy Collins wa Marekani aliurekodi mwaka 1968. Alipotoka aliunda Fotheringay pamoja na Trevor Lucas wa Australia, Jerry Donahue wa Marekani, Gerry Conway na Pat Donaldson. Albamu yao moja ilitoka mwaka 1970. Wasomaji wa gazeti la Melody Maker walimchagua mwimbaji bora wa kike wa Uingereza mwaka 1970 na tena 1971. Lakini bendi ilikula fedha, zikiwemo za mitambo mikubwa ya sauti iliyopewa jina la utani la Stonehenge, na Boyd, aliyekuwa akijiandaa kurudi Marekani, alimshawishi aimbe peke yake. Mwanzoni mwa 1971 Fotheringay ilivunjwa albamu ya pili ikiwa haijakamilika. Ulikuwa ushauri wa mtu aliyemtakia mema, na ulikuwa ushauri mbaya. Denny hakuwa mtu wa kusimama peke yake. Sauti yake ilihitaji watu nyuma yake wanaomjua.

Mwaka huo aliitwa na Led Zeppelin kuimba na Robert Plant katika “The Battle of Evermore”. Ndiye mgeni pekee aliyewahi kupewa nafasi ya kuimba katika albamu za bendi hiyo, na mamilioni ya watu wamemsikia humo bila kujua jina lake. Albamu zake mwenyewe, The North Star Grassman and the Ravens mwaka 1971 na Sandy mwaka 1972, zilipigwa na Thompson na wenzake wengine wa zamani. Nyimbo zimejaa bahari, majira ya baridi na watu wanaoondoka. Lugha yake huficha zaidi ya inavyofunua, na huenda hiyo ndiyo sababu hazikuuzwa kama ilivyotarajiwa. Aliolewa na Lucas mwaka 1973. Mwaka 1974 akarudi Fairport, ambako mumewe na Donahue walikuwa wamekwisha kuingia, na Rising for the Moon ya mwaka 1975 ina nyimbo zake kadhaa nzuri. Ilipokosa kuuza, wote watatu walitoka.

Miaka miwili ya mwisho ilikuwa migumu. Pombe ilimharibia afya na sauti, na kampuni ya rekodi ilimwacha baada ya Rendezvous ya mwaka 1977, mwaka aliojifungua binti. Alianguka, akaumia kichwa, na tarehe 21 Aprili 1978 akafariki akiwa na miaka 31. Lucas alirudi Australia, akamsaidia Boyd kuandaa mkusanyiko wa kanda zake katikati ya miaka ya themanini, naye akafariki mwaka 1989. Mwaka 2008 Donahue, Conway na Donaldson walizichukua kanda za Fotheringay zilizoachwa mwaka 1971, wakakamilisha kwa upigaji mpya, na albamu ya pili ikatoka baada ya miaka 37. Mwaka 2011 mwimbaji Thea Gilmore alitunga sauti za muziki kwa mashairi ambayo Denny aliyaacha daftarini.

Richard Thompson alitoka Januari 1971 bila mpango wowote. Kwa mwaka mzima alipiga gita kwenye kazi za wengine, kisha mwaka 1972 akatoa Henry the Human Fly, iliyopata wanunuzi wachache mno. Mwaka huo alimwoa mwimbaji Linda Peters. I Want to See the Bright Lights Tonight waliirekodi mwaka 1973 kwa siku chache na kwa fedha kidogo. Ilikaa ghalani hadi 1974 kwa sababu msukosuko wa mafuta ulifanya plastiki ya kutengenezea santuri iwe adimu. Albamu hiyo ni ya Kiingereza hadi kwenye mfupa: kodiani, bendi ya tarumbeta ya wafanyakazi, walevi, ombaomba na watoto wasioahidiwa lolote. Hakuna hata wimbo mmoja wa jadi ndani yake. Hapo Thompson alikuwa amepata jibu la swali ambalo Hutchings na Denny walilijibu kwa kutengana: aliandika nyimbo zake mwenyewe kwa mifupa ya nyimbo za zamani.

Katikati ya miaka ya sabini yeye na Linda walisilimu, wakajiunga na jumuiya ya kisufi ya London iliyoongozwa na Mskoti Abdalqadir as-Sufi, ya njia ya Darqawi. Hilo ni tawi la Shadhiliya, tarika ambayo Kilwa, Zanzibar na Komoro wanaijua kwa tawi lake la Yashrutiya. Jalada la Pour Down Like Silver, mwaka 1975, linamwonyesha Thompson amefunga kilemba. Wakosoaji wa wakati ule walilishangaa jalada na hawakuusikiliza ipasavyo muziki wenyewe. “Night Comes In” na “Dimming of the Day” ni nyimbo za mtu anayemtafuta Mola wake, na gita katika ule wa kwanza linazunguka na kurudi kama mtu aliye katika dhikiri. Baada ya albamu hiyo aliuacha muziki, wakaishi na jumuiya, kisha mashambani mashariki mwa Uingereza. Walirudi studio mwaka 1978. Thompson aliiacha jumuiya hiyo baadaye, dini hakuiacha.

Shoot Out the Lights, ya mwaka 1982, ilirekodiwa mara mbili. Toleo lililosimamiwa na Gerry Rafferty halikupata mnunuzi, ndipo Boyd akairekodi upya kwa siku chache na kuitoa kwa kampuni yake ya Hannibal. Ilipotoka, ndoa ilikuwa imevunjika, na ziara yao ya Marekani mwaka huo ilikuwa ya watu wawili waliokuwa wakiimbiana nyimbo za kuachana wakiwa wanaachana kweli. Jarida la Rolling Stone liliiweka albamu hiyo katika kumi bora za muongo mzima. Linda alisumbuliwa kwa miaka mingi na maradhi ya sauti yaliyomzuia kuimba. Alirudi na Fashionably Late mwaka 2002, na mwaka 2024 nyimbo zake mpya ziliimbwa na wengine katika Proxy Music. Thompson aliendelea bila kukatika. Rumor and Sigh ya mwaka 1991 ilimpa “1952 Vincent Black Lightning”, hadithi ya mwizi, msichana na pikipiki, ambayo wapiga gita wengi wamejaribu kuijifunza na wengi wameshindwa, kwa kuwa kidole gumba chake hufanya kazi ya mpiga besi. Alipewa OBE mwaka 2011, akaandika kumbukumbu za ujana wake, Beeswing, mwaka 2021. Watoto wake Teddy na Kamila ni wanamuziki.

Simon Nicol, wa mwisho kati ya waasisi, alitoka mwishoni mwa 1971, akapiga na Albion na pia na akina Thompson, kisha akarudi mwaka 1976, na hadi leo ndiye sauti ya bendi. Kutoka kwake kulikuwa likizo ndefu tu. Katika pengo hilo Fairport ilishikwa na Swarbrick. Mpiga fidla huyu, aliyekuwa tayari na jina kwa kupiga na Carthy kabla ya 1969, ndiye mtu aliyefanya fidla iwe chombo cha mbele katika roki ya Uingereza. Umeme ulimdai malipo: miaka ya kusimama karibu na spika iliharibu masikio yake, na mwaka 1979 akatoka. Alirudi kwa Carthy, na mwaka 1984 akaunda Whippersnapper, bendi ya vyombo visivyo na umeme, ambamo alikuwemo Chris Leslie, mpiga fidla aliyeingia Fairport mwaka 1996.

Mwaka 1999 gazeti la Daily Telegraph lilichapisha taazia ya Swarbrick akiwa hai, amelazwa hospitali Coventry kwa maradhi ya mapafu. Wanamuziki wenzake walipiga maonyesho ya kumchangia, kwa sababu maisha ya safari hayakumwachia akiba. Mwaka 2004 aliwekewa mapafu mawili mapya, akarudi barabarani na kundi alilolipa jina la Lazaro. Alifariki kweli Juni 2016 akiwa na miaka 75, baada ya kupiga fidla miaka kumi na zaidi kwa pumzi za mtu mwingine.

Wengine wanaweza kutajwa kwa ufupi. Donahue aliunda Hellecasters, kundi la wapiga gita watatu, katika miaka ya tisini. Mattacks alikuwa mpiga ngoma wa kukodiwa anayetafutwa kuliko wengi Uingereza, alipiga na Paul McCartney na XTC, kisha akahamia Marekani mwishoni mwa miaka ya tisini.

Bendi ilijitangaza kufa mwaka 1979 kwa onyesho la kuaga Cropredy, kijiji cha Oxfordshire, na mpiga besi Dave Pegg akaingia Jethro Tull. Lakini Pegg na mkewe Christine waliendelea kuitisha mkutano hapo kila mwaka, wakatoa rekodi kwa kampuni yao ndogo ya Woodworm, na mwaka 1985 Fairport ikasimama tena. Tamasha hilo lilikua hadi kupokea watu wapatao 20,000, na waliotoka walipewa jukwaa: Matthews, Dyble, Thompson, Swarbrick. Agosti 2007 Nicol, Thompson, Hutchings, Swarbrick na Mattacks waliipiga Liege & Lief nzima, Chris While, aliyewahi kuimba Albion Band, akishika nafasi ya Denny. Na mwaka 2022, Gerry Conway, mpiga ngoma wa zamani wa Fotheringay aliyekuwa Fairport tangu 1998, alipojitoa, aliyeitwa kukaa kwenye ngoma alikuwa Dave Mattacks.